Ombi la Urafiki Lisilo na Picha

"Andika jina."

"Jina gani?"

"Jina lako, mama. Kwani unayo mangapi?"

Mwanamke alicheka, lakini kicheko chenyewe kilimfia mdomoni. Kidole gumba kilikuwa kinaelea juu ya kioo cha simu, hakishuki wala hakiondoki. Watu wa jengo lile walimwita Pindo, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, na cherehani aliiweka ikitazama mlango. Wateja walimshangaa kukaa gizani wakati dirisha lipo. Yeye alisema amezoea.

Aliyekaa kando yake alikuwa mwalimu wa udereva. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na watu wanaotetemeka bila yeye kutetemeka. Walijuana siku alipoleta viti vya gari la shule vishonewe vifuniko. Baada ya hapo akawa haishi kurudi. Mara kifungo kimetoka, mara zipu imekwama. Vifungo vilipokwisha akaona bora aseme ukweli kwamba anampenda.

"Wateja siku hizi hawaingii dukani, wanaingia kwenye simu," alimwambia. "Wewe unashona kuliko wote humu ndani, halafu nani anajua? Ukuta."

"Andika Pindo Mavazi. Hilo linatosha."

"Sawa. Tarehe ya kuzaliwa?"

"Wanaitakia nini?"

"Wanataka kujua kama wewe si mtoto."

"Si waje waniangalie!"

"Pindo..."

"Haya. Endelea."

"Sasa neno la siri. Liwe refu, usilisahau, na usiniambie hata mimi."

Pindo akageuka kumtazama. "Hata wewe?"

"Hasa mimi. Mtu akikudai neno lako la siri kwa kisingizio cha mapenzi, huyo mkimbie."

Alimtazama kwa muda, kama anayetaka kusema jambo. Kisha akainama akaandika, mkono mmoja umekinga kioo. Mwalimu akageuza uso pembeni kwa adabu zote, akajifanya anahesabu vibiringo vya uzi.

"Nimemaliza."

"Safi. Imebaki picha. Tabasamu!"

Mwalimu aliinua simu usawa wa uso wake. Kabla hajabonyeza, mkono wa Pindo ulimpiga kwenye kifundo cha mkono, simu ikaruka ikaangukia kwenye kapu la vitambaa.

"Nimesema nisipigwe picha!"

"Hukusema."

"Basi nimesema sasa!"

 Pindo mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Mwalimu akainama, akaokota simu, akaifuta kwenye suruali.

"Tumekuwa pamoja muda wote huu, na mimi sina picha yako hata moja," alisema taratibu. "Mama yangu ananiuliza kama mchumba wangu ni mtu au ni hadithi."

"Piga gauni," Pindo alisema akitazama chini. "Lile jeupe. Gauni halina sura ya mtu."

Akalipiga picha gauni la harusi lililokuwa limevishwa sanamu, kola yake imeshonwa kwa mikunjo midogo midogo kama magamba ya samaki. Wakati huohuo honi ikalia nje. Mwanafunzi wa saa ile alikuwa amefika. Mwalimu akampa simu.

"Huna cha kuogopa, bonyeza tu 'Endelea' mpaka mwisho. Nitarudi."

Alipotoka, kioo kikaleta swali: "Ruhusu kusoma namba zilizomo kwenye simu yako?" Chini yake kulikuwa na maneno mawili, "Ruhusu" na "Kataa". Pindo aliogopa kwamba akikataa ataharibu kitu. Akaruhusu.

Asubuhi alipofungua chumba, simu ilikuwa na ombi la urafiki. Halikuwa na picha, ila duara la kijivu tu na jina lisilo jina: "Mtu Fulani". Chini yake kulikuwa na ujumbe.

"Ni wewe?"

Kisha mwingine: "Nimeona gauni. Hiyo kola ni ya mkono wako. Hakuna mwingine anayekunja hivyo."

Kisha: "Usinifiche. Nimekutafuta mpaka nimechoka."

Mkasi ulimtoka mkononi ukagonga sakafu. Alikwenda mlangoni, akachungulia korido, akarudi, akafunga kitasa kwa ndani.  Simu ikatetemeka tena juu ya meza, naye akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

Palibishwa hodi. Hakujibu.

"Pindo? Ni mimi. Mbona umejifungia?"

Akamfungulia Mwalimu. Yeye aliingia na tabasamu lake, akaelekea moja kwa moja mezani.

"Haya, tumepata wateja wangapi..." Kioo kiliwaka mbele ya macho yake. Tabasamu likamtoka polepole, akasoma kwa sauti. "'Ulipoondoka nililia mpaka sauti ikakauka. Bado nakupenda. Nijibu hata neno moja.'"

Pindo alikuwa ameegemea ukuta.

"Nani huyu?"

"Sijui."

"Hujui? Mtu analia mpaka sauti inakauka, halafu wewe hujui?"

"Niachie simu yangu."

"Ndiyo maana hutaki picha." Mwalimu hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ndiyo maana hatutembei mchana. Ndiyo maana kwenu sipajui, ndugu zako siwajui. Una mtu wako mahali, Pindo. Mimi ni wa kupitishia muda."

"Si hivyo."

"Basi niambie ni vipi!"

Pindo alinyoosha mkono kuitaka simu.  Mwalimu akaiweka simu mezani kwa uangalifu wa kuumiza.

"Nina mwanafunzi," alisema, akaondoka.

Pindo hakulia. Alichukua shuka kuukuu, akalitandika sakafuni, akaanza kufungua skrubu za cherehani. Aliwahi kufanya hivi. Unachukua kichwa cha cherehani, nguo mbili, mkasi, na hugeuki nyuma. Aliijua kazi hiyo kama anavyojua kupima mabega.

Alikuwa amefunga fundo la kwanza mlango uliposukumwa.

"Mwanafunzi wangu amepanda ukingo wa barabara," Mwalimu alisema akihema. "Si kosa lake. Akili yangu ndiyo haikuwa pale. Nikamwambia ashuke akapumzike, na mimi nika..." Akaliona furushi. "Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Unamfuata?"

"Namfuata?" Pindo alicheka kicheko kibaya. "Namkimbia!"

Akavuta juu mkono wa blauzi. Juu ya kiwiko, mfupa ulikuwa umeunga vibaya, ngozi imevimba kidogo mahali pasipotakiwa. Mwalimu aliwahi kuuona mkono ule. Aliambiwa alianguka ngazini.

"Sikuanguka," alisema Pindo. "Niliishi na mtu. Hakunioa, lakini niliishi naye miaka kama mke. Mchomeleaji wa vyuma. Akishapiga, analia. Anakwambia maneno kama hayo hayo uliyosoma, 'bado nakupenda, nijibu.' Ukimjibu, umekwisha. Siku niliyoondoka aliniambia nikienda popote atanifuata, na akinipata hatanivunja mkono tu. Sasa amenipata."

Mwalimu alikaa chini, pale pale sakafuni, kando ya furushi.

"Na mimi nikakwambia huna cha kuogopa," alisema. "Nikakushikia simu usoni."

"Hukujua."

"Sikuuliza. Ni tofauti." Akajifuta uso. "Nisamehe kwa yale ya asubuhi. Kama unataka kuondoka, gari liko nje, nitakupeleka unakotaka na sitamwambia mtu. Ila nikuulize kitu kimoja kwanza. Una uhakika ni yeye?"

"Nani mwingine anaijua kola yangu?"

"Sijui. Ndiyo nakuuliza."

Pindo akafikiri. Yule mtu alikuwa amevaa mashati aliyomshonea miaka yote, na hakuwahi kutazama kola hata siku moja. Aliyekuwa akikaa chini ya cherehani akiokota vipande, akiuliza mikunjo inakunjwaje, alikuwa mwingine.

"Alikuwa na binti," alisema taratibu. "Mama yake alikufa akiwa mdogo. Mimi ndiye niliyemlea. Nilimwita Kidoti. Nilipokimbia, sikuweza kumchukua. Hakuwa wangu kwa karatasi yoyote. Nilimwacha amelala."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Inaweza kuwa yeye?"

"Inaweza kuwa baba yake anajifanya yeye. Anaweza."

"Muulize kitu ambacho baba yake hakijui."

Aliandika mara tatu akifuta. Mwisho akaandika: "Kama unanijua, ndani ya sketi yako ya shule nilishona nini?"

Wakakaa wawili wakitazama kioo. Vinukta vitatu vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. Mwalimu alikuwa ameushika mkono wake, na ni yeye aliyekuwa anatokwa jasho.

Jibu likaja.

"Mfuko. Wa kuficha ufunguo wa jikoni, ili akinifungia nje nipate pa kuingilia. Mama, ni mimi. Siwezi kuandika jina langu hapa. Anapekua simu. Hii akaunti nimeifungua juzi, sijui hata kuitumia."

Pindo aliibana simu kifuani akalia kwa sauti, na Mwalimu akafunga mlango ili korido isisikie.

Siku hiyo hakuna nguo iliyoshonwa. Mwalimu aliichukua akaunti ile sehemu baada ya sehemu, akamwonyesha: hapa unazima wasikupate kwa namba, hapa unakataa kusomwa majina, hapa unachagua nani akuone. Waligundua njia aliyopita binti. Dada mkubwa wa Pindo, mtu pekee wa zamani aliyekuwa na namba yake, alikuwa amekubali urafiki wa 'Mtu Fulani' mtandaoni bila kujua ni nani. Simu ikawaunganisha yenyewe.

"Kama imemletea binti, ingeweza kumletea na baba," alisema Pindo.

"Ingeweza," Mwalimu alikiri. "Sitakudanganya."

Jioni binti akapiga. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, lakini pumzi ilikuwa ya yule mtoto.

"Mama, nazungumza bafuni. Nimefungulia maji."

"Amekugusa?"

"Tangu ulipoondoka, zamu ni yangu."

Pindo alifumba macho. "Njoo."

"Nimeshamaliza shule. Nina miaka kumi na minane, hawezi kunizuia kisheria. Lakini akijua nakuja kwako..."

"Njoo, mwanangu. Sitakuacha tena."

Mwalimu ndiye aliyechagua mahali na siku. Iwe kwenye uwanja wa mafunzo, si chumbani, si nyumbani. Na iwe siku ya mtihani.

"Kwa nini siku ya mtihani?" Pindo aliuliza.

"Kwa sababu siku hiyo askari wa usalama barabarani wanajaa pale uwanjani. Nina wanafunzi wanaoshindwa kuzungusha usukani kwa sababu ya askari hao. Safari hii watatufaa."

Siku ilipofika, Pindo alikaa ndani ya gari la shule tangu asubuhi, mkanda umefungwa ingawa gari halikwenda popote. Nje, wanafunzi walikuwa wakirudi kinyumenyume kati ya nguzo za plastiki, wengine wakizipiga. Askari wa kike mwenye mwili mkubwa alikuwa amesimama na kalamu, hacheki na mtu.

"Akija na yeye?" Pindo aliuliza kwa mara isiyohesabika.

"Mimi nipo."

"Humjui."

"Simjui. Lakini nipo."

Teksi ikasimama langoni. Akashuka msichana mrefu, begi moja mgongoni, akitazama huku na huku. Pindo alimtambua kwa namna alivyokunja bega moja, kama anayekwepa kitu. Alifungua mlango kabla hajafungua mkanda, akavutwa nyuma, akaufungua, akakimbia.

"Kidoti!"

"Mama!"

Walikumbatiana katikati ya uwanja, gari la mwanafunzi likafunga breki kwa kishindo nyuma yao. Binti alikuwa mrefu kuliko yeye sasa, lakini alijikunja mpaka kichwa kikafika pale kilipokuwa kinafika zamani.

"Hajui," binti alisema. "Nimetoka yeye akiwa kazini, hajui..."

Pikipiki ikakata kona ikaingia langoni.

Pindo aliusikia mgongo wake ukimjua mtu yule kabla macho hayajamwona. Mchomeleaji alishuka bila haraka, akavua kofia ngumu, akaitundika kwenye usukani. Mikono ilikuwa na madoadoa ya moto wa kuchomelea, kama siku zote. Na sauti ilikuwa laini, kama siku zote.

"Ulidhani mlango wa bafu ni ukuta?" alimwuliza binti yake. Kisha akamgeukia Pindo. "Mama wa watu. Kumbe umenenepa. Nimehangaika sana kwa ajili yako. Haya, yamekwisha. Twendeni nyumbani, wote wawili."

Mkono wa Pindo ulikuwa umeshapanda wenyewe kukinga uso. Aliutazama ukiwa hewani, kama mkono wa mtu mwingine. Mwalimu alifika, akasimama ubavuni pake. Hakumpita akasimama mbele.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye."

"Na wewe nani?" mchomeleaji alimwuliza Mwalimu.

"Mimi ni wake."

Yule mtu alitabasamu, akanyoosha mkono akamdaka binti kifundo cha mkono. Binti hakupiga kelele. Alilegea tu, kama aliyezoea. Na kule kulegea ndiko kulikomfungua Pindo koo.

"AFANDE!"

Uwanja mzima uligeuka. Hakuwahi kujua ana sauti kubwa kiasi kile.

"Afande, njoo! Huyu mtu alinivunja mkono, huu hapa! Amempiga huyu binti miaka yote! Ameniahidi kuniua, na leo amenifuata! Nataka kuandikisha!"

Askari wa kike alikuja bila kukimbia, kalamu bado mkononi.

"Mwachie binti."

"Mambo ya nyumbani haya, afande," mchomeleaji alicheka. "Mke na mwanangu. Unajua wanawake..."

"Hapa si nyumbani. Nimesema mwachie."

Hakumwachia. Badala yake alimvuta, na alipoona binti anashikilia mkono wa Pindo, akamsukuma Pindo kifuani mbele ya askari, watahiniwa na wazazi wao. Alikuwa amezoea kufanya mambo yake mahali palipofungwa mlango. Hakumaliza hatua ya pili. Askari wawili walimlaza juu ya pikipiki yake, na mwanafunzi mmoja mzee, aliyekuwa amefeli muda si mrefu, akapiga makofi.

Pale kituoni Pindo alieleza kila kitu, tangu kofi la kwanza. Alipokwama, binti alieleza. Mwalimu alikaa kwenye benchi la nje, maana hayo hayakuwa maneno ya kumwingilia. Kesi ilikwenda na kurudi, mashahidi wakaitwa, na mwisho mchomeleaji akafungwa.

Hofu haikuondoka siku hiyo. Pikipiki ikipita kwa kishindo, Pindo bado alikuwa anatoboa kidole na sindano. Lakini sasa alikuwa na mtu wa kumwambia, "Nimeogopa," na binti wa kumjibu, "Hata mimi, mama," kisha wote wawili wakaendelea na kazi.

Mwalimu alipomwomba waoane, Pindo hakukataa wala hakukubali.

"Nakupenda," alimwambia. "Lakini jibu langu moja nililitoa peke yangu, nikajuta. Safari hii mwombe dada yangu. Yeye alinionya mara ya kwanza nikaziba masikio."

Wakampigia dada mkubwa, spika imewashwa, Kidoti ameketi juu ya meza ya kukatia nguo. Mwalimu alikaa wima kama mtahiniwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndiye wewe mwalimu?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba kumwoa mdogo wako."

"Nimesikia habari zako nzuri. Na yule wa kwanza nilisikia habari zake nzuri. Kwa hiyo hizo tuziweke pembeni. Wewe hukasirika?"

Mwalimu aliisogelea simu. 

"Nakasirika, dada. Sana tu. Nafundisha watu kuendesha gari."

"Na ukikasirika unafanya nini?"

"Naosha gari."

"Unaosha gari?"

"Nachukua ndoo na sabuni, naosha mpaka hasira iishe. Kuna wakati nimeliosha mara mbili kwa siku moja. Majirani wanajua."

 Dada mkubwa alikuwa anafikiri, na walimsikia akifikiri.

"Binti yangu," aliita. "Kidoti, upo hapo?"

"Nipo, mama mkubwa."

"Wewe sikudai adabu, nakudai ukweli. Toka nje sasa hivi, ukaniangalie gari lake."

Kidoti alishuka mezani, akaenda. Hatua zake zilisikika koridoni, kisha kimya, kisha zikarudi zikikimbia. Aliingia akihema, akaushika mlango kwa mikono miwili, akimtazama mama yake, na kicheko kikamtangulia kabla ya maneno.

"Chafu, mama mkubwa! Chafu mno! Hata rangi yake haionekani!"